Rekodi za Bayi zilivunjwa, shule zake bado zipo

UKIULIZA kijiweni leo nani staa mkubwa zaidi kuwahi kutoka pande za Mbulu na Hanang, wengi watakuna kichwa kwanza. Shabiki wa soka anaijua Manyara kwa sababu ya Fountain Gate, timu iliyohamishia mechi zake za Ligi Kuu Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, Babati, kuanzia msimu wa 2024/25. Kuanzia kata ya Dirma wilayani Hanang hadi Mbulu mjini, jezi za Simba na Yanga huzikosi. Mpira ndio habari ya mjini, na vijijini pia.

Lakini miaka mingi kabla Ligi Kuu haijapanda huko juu, ukanda huo ulikuwa umeshaipa nchi mastaa wa dunia. Hawakucheza mpira. Walikimbia. Na mmoja wao, Filbert Bayi, alifanya jambo ambalo wanasoka wengi hulitaja kwenye mahojiano wakiwa na mkataba mnono mkononi, kisha mkataba ukiisha na ahadi inaisha nao. Alijenga shule.

Bayi alizaliwa Juni 23, 1953, Karatu, wakati huo Karatu ikiwa ndani ya Wilaya ya Mbulu. Baadaye mipaka ilichorwa upya. Karatu ikawa wilaya na kubaki Arusha, Mbulu na Hanang zikaingia Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa 2002. Ndiyo maana ukizungumza na watu wa Karatu watakwambia Bayi ni wao, na ukishuka Mbulu watakwambia huyo ni mtoto wa nyumbani. Wote wako sahihi, ugomvi wa kumgombania shujaa ni ugomvi mzuri.

ALIYETANGULIA

Huwezi kuanza na Bayi kabla ya kumpitia John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, mkulima na mkimbiaji wa marathoni.

Oktoba 20, 1968, jijini Mexico City, wakimbiaji 75 walianza mbio za marathoni za Olimpiki. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, wengi walikatika pumzi. Akhwari alianguka njiani, goti likaumia vibaya na bega nalo likapata kipigo. Akafungwa bandeji, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani saa 3:25:27 tangu kuanza kwa mbio, giza limeshatanda, watu wengi wameondoka, bandeji inaning'inia mguuni. Alishika nafasi ya 57 kati ya 57 waliomaliza. Wengine 18 walikuwa wameshaachia ngazi.

Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake likazunguka dunia nzima: nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Watu hupenda kuishia hapo, kana kwamba Akhwari alikuwa mtu wa kuchechemea tu. Jamaa alikuwa mkimbiaji hasa. Miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alimaliza wa tano kwenye marathoni kwa saa 2:15:05. Nchi ilimpa nishani ya ushujaa mwaka 1983, miaka 15 baada ya Mexico. Mwaka 2008 alikuwa miongoni mwa waliobeba mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulipopita Dar es Salaam. Jina lake pia limebebwa na taasisi ya kuendeleza riadha kwa vijana.

Kuna jambo jingine kuhusu siku ile ya Mexico ambalo halisemwi sana. Oktoba 20 hiyohiyo, kwenye uwanja uleule, Mkenya Kipchoge Keino alishinda dhahabu ya mita 1,500 akimwacha Mmarekani Jim Ryun, aliyekuwa anashikilia rekodi ya dunia. Keino naye aliporudi nyumbani, yeye na mkewe walilea watoto yatima pale Eldoret, kisha wakafungua shule. Mwaka 2016 mjini Rio, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilimfanya mtu wa kwanza kupewa tuzo yake mpya ya Olympic Laurel, ambayo haihusiani na kasi ya mtu. Inatolewa kwa kazi ya elimu, utamaduni, maendeleo na amani kupitia michezo.

BAO LA DAKIKA YA KWANZA

Sasa turudi kwa Bayi. Inasimuliwa kwamba alipohamia Dar es Salaam akiwa kijana, alikuwa anashindana na mabasi ya abiria, kituo hadi kituo. Basi likisimama kushusha watu, yeye anapita. Baadaye akawa askari wa JWTZ, na jeshi wakati ule lilikuwa ndiyo klabu kubwa ya riadha nchini.

Februari 2, 1974, Christchurch, New Zealand. Fainali ya mita 1,500 ya Jumuiya ya Madola. Bayi ana miaka 20. Wenyeji wana John Walker na Rod Dixon, Kenya ina Ben Jipcho. Enzi zile kanuni ya mita 1,500 ilijulikana: jifiche katikati ya kundi, subiri, kimbia mzunguko wa mwisho kama umeiba. Bayi akafanya kinyume. Bunduki ilipolia tu aliondoka. Mita 400 za kwanza sekunde 54.9, mita 800 dakika 1:52.2, amewaacha wenzake kwa umbali ambao wachambuzi walijua atakata pumzi na kurudi nyuma. Kwa lugha ya soka, ni timu iliyofunga bao dakika ya kwanza ugenini, halafu ikakataa kupaki basi.

Walker alimfuata, akamkaribia, hakumfikia. Bayi alimaliza kwa dakika 3:32.16, rekodi mpya ya dunia. Walker alimaliza kwa 3:32.52, naye pia akiwa chini ya rekodi ya zamani ya Ryun ya 3:33.1, lakini akapata fedha tu. Jipcho akawa wa tatu.

Rekodi hiyo ya dunia ilidumu hadi 1979, alipoivunja Mwingereza Sebastian Coe. Kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilikaa muda mrefu zaidi, mpaka Agosti 2022 mjini Birmingham, Oliver Hoare wa Australia alipokimbia 3:30.12. Miaka 48. Hesabu makocha wote waliopita Simba na Yanga ndani ya miaka hiyo, utachoka.

Mei 17, 1975, mjini Kingston, Jamaica, Bayi akaongeza rekodi ya dunia ya maili moja, dakika 3:51.0. Hiyo haikukaa. Miezi mitatu tu baadaye Walker akaivunja. Dunia nzima ikaanza kusubiri pambano la wawili hao kwenye Olimpiki ya Montreal 1976.

Halikuwepo. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, nchi za Afrika zikataka New Zealand ifungiwe, ikaruhusiwa, na Afrika ikasusia. Tanzania nayo ikabaki nyumbani. Walker alichukua dhahabu kwa dakika 3:39.17, muda ambao Bayi wa Christchurch angeukimbia huku anapiga stori. Kwa mchezaji mmoja hilo lilikuwa pigo la maisha. Kwa nchi iliyokuwa mstari wa mbele kupinga ubaguzi, ulikuwa uamuzi usio na mjadala.

Miaka minne baadaye, Moscow 1980, Bayi aliingia kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Akatoka mbele tena, kama kawaida yake, na safari hii Bronislaw Malinowski wa Poland akamnasa mzunguko wa mwisho. Fedha, kwa dakika 8:12.48. Siku moja baadaye Suleiman Nyambui akachukua fedha nyingine ya mita 5,000. Hadi Olimpiki ya Paris 2024 inakwisha, medali za Olimpiki za Tanzania zilikuwa bado hizohizo mbili.

KIMARA NA KIBAHA

Kwa mastaa wengi hadithi huishia hapo. Picha zinawekwa ukutani, mtu anaalikwa kwenye hafla za kukabidhi vikombe, siku akiugua nchi inaambiwa ichangie. Mashabiki wa soka wanaijua picha hiyo kuliko mtu yeyote. Haupiti muda mrefu bila habari ya mchezaji wa zamani anayetafutiwa pesa za matibabu na watu waliokuwa wanaimba jina lake.

Bayi aliingia kwenye uongozi wa michezo, na kwa muda mrefu alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Kazi hiyo ina lawama zake. Kila timu ya Olimpiki ikirudi mikono mitupu, wa kwanza kutupiwa maneno huwa ni viongozi, na haki ya shabiki kuhoji haipaswi kunyang'anywa na medali ya zamani ya kiongozi. Lakini pembeni ya ofisi hiyo kulikuwa na kazi nyingine isiyoandikwa sana kwenye kurasa za michezo. Pamoja na mkewe, alianzisha shule zinazobeba jina lake, Kimara jijini Dar es Salaam na Mkuza, Kibaha mkoani Pwani, kuanzia madarasa ya awali hadi sekondari. Pia akaunda taasisi, Filbert Bayi Foundation, yenye kazi ya kulea vipaji vya michezo na kuwapa vijana elimu ya kujikinga na Ukimwi.

Pale Mkuza, kama kilomita 50 kutoka katikati ya Dar, kuna kitu ambacho kwa shabiki wa soka kinapaswa kuwa habari kubwa kuliko kilivyowahi kuwa. Eneo hilo ni kituo cha OlympAfrica, mtandao wa vituo vya michezo vya jamii barani Afrika. Kupitia mtandao huo kikaja mpango wa FutbolNet, ulioanzishwa na taasisi ya klabu ya Barcelona, na watoto wa shule za msingi za Kibaha wakaingizwa humo.

Mpira wenyewe ni huu wetu, lakini utaratibu ni mwingine. Wavulana na wasichana wanacheza timu moja. Kabla ya mechi pande mbili zinakaa na kukubaliana kanuni. Zinacheza, hakuna mwamuzi wa kupuliza filimbi kila sekunde. Mechi ikiisha wanakaa tena chini na kuambiana nani alishika makubaliano na nani alivunja, na pointi za uungwana zinaingia kwenye matokeo pamoja na mabao. Hebu fikiria utaratibu huo ukiletwa kwenye dabi ya Kariakoo. Kile kikao cha mwisho kingechukua wiki.

Utani pembeni, huyu ni mtu wa riadha, mtoto wa nyanda za juu, aliyefungua geti lake kwa watoto wa jirani wacheze mpira. Klabu ngapi za Ligi Kuu zina mpango wa aina hiyo kwa shule za msingi zilizo karibu na makao yao makuu? Swali hilo viongozi wa klabu walijibu wenyewe.

SOKA NALO LINA YAKE

Haitakuwa haki kusema wanasoka hawafanyi kitu. Sadio Mane amejenga shule na hospitali kijijini kwao Bambali, Senegal, na kila shabiki wa Liverpool nchini anaweza kukusimulia. Hapa nyumbani, Mbwana Samatta na msanii Ali Kiba walianza mwaka 2018 kuandaa mechi ya hisani ya kuchangia elimu. Uwanja ulijaa burudani na fedha zikaelekezwa kwenye mahitaji ya shule.

Na ipo njia nyingine, ya shule kuzaa mpira badala ya mpira kuzaa shule. Fountain Gate, hii inayochezea Babati, ni jina lililotoka kwenye shule. Aprili 2023 mjini Durban, wasichana wa sekondari ya Fountain Gate ya Dodoma walitwaa ubingwa wa Afrika wa mashindano ya shule ya CAF, na zawadi yake ilikuwa dola 300,000 za Marekani kwa ajili ya kuendeleza shule. Mabinti wa sekondari waliingiza kwenye shule yao fedha ambazo klabu nyingi za Ligi Kuu zingezipigia magoti.

Wakimbiaji wa huku juu walikuwa wameshaitumia njia ya aina hiyo kwa namna yao. Gidamis Shahanga, mtoto wa Katesh, Hanang, alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978. Mwaka 1982 mjini Brisbane akashinda mita 10,000, Mtanzania mwenzake Zakaria Barie akiwa wa pili. Wote wawili, pamoja na Nyambui, walisoma Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, Marekani. Miguu ndiyo iliyowalipia ada. Mzazi wa Hanang wa miaka hiyo aliyekuwa anamfokea mtoto aache kukimbia ashike daftari, pengine alikuwa hajui kwamba mlango ulikuwa ni mmoja.

NYUMBANI PAMEBAKI NINI?

Hapa ndipo panauma kidogo. Kutoka Mbulu hadi Kibaha ni zaidi ya kilomita 500. Mtoto anayesoma shule ya msingi Dirma leo, anayetembea asubuhi kwenda darasani na jioni anachunga, hawezi kuiona shule ya Bayi. Kumlaumu Bayi kwa hilo ni kumwonea. Alijenga pale alipofanyia kazi na kuishi, kwa nguvu zake, wakati wengine wenye fedha mara kumi ya zake hawakujenga popote. Lakini ukanda uliomzaa yeye, Akhwari na Shahanga unastahili kuulizwa umepata nini.

Vipaji havijakauka. Gabriel Geay, kijana wa Mbulu aliyezaliwa 1996, alikimbia marathoni ya Valencia kwa saa 2:03:00 Desemba 2022, akiwa wa pili nyuma ya Kelvin Kiptum. Aprili 2023 akawa wa pili Boston, kwenye mbio ambazo Eliud Kipchoge alimaliza wa sita. Majirani zao wa Singida wana Alphonce Simbu, askari wa JWTZ kama Bayi, ambaye Septemba 15, 2025 mjini Tokyo aliipa Tanzania dhahabu ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Alikimbia marathoni kwa saa 2:09:48 na ikabidi picha itumike kuamua kati yake na Mjerumani Amanal Petros. Sekunde tatu kati ya mia moja. Hata VAR ingetoka jasho.

Hao wote walianza kwa kukimbia barabara za vumbi. Jukwaa la kwanza la mtoto wa kule ni lilelile la watoto wote wa nchi hii, UMITASHUMTA akiwa msingi na UMISSETA akifika sekondari, na mtu wa kwanza kumwona ni mwalimu wa michezo mwenye saa ya mkononi na kiwanja cha majani. Mwalimu huyo hana mkataba wa usajili, hana bonasi ya ushindi, na jina lake haliandikwi gazetini mtoto akishinda Valencia. Kazi hiyohiyo Bayi aliamua kuilipia kwa miaka yote baada ya kuvua viatu vya mbio: kuajiri walimu, kuweka viwanja karibu na madarasa, kumwambia mzazi kwamba mtoto wake anaweza kusoma asubuhi na kufanya mazoezi jioni.

Dirisha lijalo la usajili litafunguliwa, vilevile kama kawaida, na mashabiki watahesabu mamilioni ya fulani na fulani. Geay bado ana miaka ya kukimbia barabarani, na fedha za marathoni kubwa za dunia si haba. Mbulu viwanja vya kujenga vipo.